Nimeitwa chuoni kufundisha walimu: watoto wangu nawaacha na nani?

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, mwanamke wa miaka 37, na mwaka huu natimiza miaka 11 nikifundisha katika kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji kilichomo ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Darasa langu lina watoto 9. Wawili hawazungumzi kabisa, mmoja ana mtindio wa ubongo na hutumia kiti cha magurudumu, na waliobaki kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia. Miaka miwili iliyopita nilimaliza shahada ya uzamili niliyoisoma jioni na wakati wa likizo, na mwezi uliopita idara moja ya elimu ya chuo kikuu iliniandikia kunipa nafasi ya mhadhiri msaidizi, kwa sharti kwamba nianze masomo ya uzamivu ndani ya mwaka wa kwanza. Nimepewa wiki 6 za kujibu, na mbili zimekwisha.

Kila ninayemweleza ananipongeza kana kwamba nimeopolewa kisimani. "Hatimaye umetoka," dada yangu aliniambia, na neno hilo limenikaa moyoni, kwa sababu mimi sikujiona nimefungwa mahali.

Nikueleze jambo moja ili ujue ninasita nini. Yupo mtoto darasani kwangu ambaye alipoletwa alikuwa akijigonga kichwa mezani, na faili lake lilisema kwamba anajidhuru bila sababu. Baada ya majuma kadhaa niliona kwamba dakika chache kabla ya kengele ya mapumziko mabega yake hupanda kidogo kuelekea masikioni, na kujigonga hufuata. Nikaanza kumwonyesha kadi yenye picha ya kengele mapema, kisha tunatoka naye hadi mwisho wa uwanja, kengele inalia tukiwa mbali. Kabla muhula haujaisha alikuwa ameacha kabisa. Mhadhiri mmoja aliyekuja kukagua wanachuo wa mafunzo kwa vitendo aliniona nikitoka naye, akasikiliza maelezo yangu, kisha akauliza, "Ulijuaje?" Nikamjibu, "Nilijua tu." Akaandika kitu daftarini, akaenda zake. Tangu siku ile najiuliza: ikiwa sikuweza kumjibu mtu mmoja uwanjani, nitawajibu nini wanachuo ukumbini?

Halafu nina hofu nyingine, na samahani kama itakugusa wewe uliyefanya kazi hiyo. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa somo la uziwi na mtu aliyesoma maelezo yake akiwa ametazama ubao, ametupa mgongo, na darasani mwetu alikuwamo mwenzetu kiziwi aliyekuwa akitegemea kusoma midomo. Muhula mzima. Naogopa kuwa mtu yule.

Tena msimamizi ninayepangiwa amekwisha kuniambia kwamba utafiti wangu uwe wa hojaji juu ya mitazamo ya walimu 400 kuhusu elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu kusoma darasa moja na wenzao. Nilipomwambia kwamba ningependa kuchunguza ninachokifanya darasani, alisema kwa upole kwamba watoto 9 si utafiti, ni simulizi. Na mwisho, mama wa mtoto huyo wa kengele amesikia fununu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ukienda, mwalimu, mwanangu anaanza upya."

Niende au nibaki? Na nikienda, nisome nini hasa?

Mwalimu wa Kitengo


JIBU

Marahaba, mwalimu.

Hukunigusa vibaya. Nimefundisha watoto wasioona kwa miaka 9 na walimu kwa miaka 28, na wenzangu wa kutazama ubao ninawafahamu. Zipo siku, hasa za mwisho wa muhula, ambapo nilikuwa mmoja wao. Barua yako ina maswali kadhaa, lakini moja limeyabeba mengine mgongoni, nalo ni lile la uwanjani. Nitaanzia hapo.

Umeaibika kwa kujibu "nilijua tu", wakati jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa. Mtu aliyekaa na watoto miaka 11 huona kwa namna ambayo haipiti mdomoni. Mwanafalsafa Michael Polanyi aliandika mwaka 1966 kwamba binadamu hujua mengi kuliko anavyoweza kuyasema, na hakuna pahali ambapo hilo huonekana waziwazi kama katika darasa la watoto wasiozungumza. Uliona mabega. Ila kabla ya kuona mabega lazima uliona mambo mengine ukayatupa: saa, nani alikuwa amekaa karibu, alikula nini, jua lilikuwa likiingia dirisha lipi. Hukuyaandika, na huenda hukujua kwamba unayapima. Kazi ya mwalimu wa darasa inakwisha pale mtoto anapoacha kujigonga, na aliyeifikisha hapo amestahili sifa zote. Kazi ya anayefundisha walimu ndiyo kwanza inaanza hapo, maana yeye anatakiwa kurudi nyuma hatua kwa hatua na kumweleza mgeni ni kitu gani kilichoonwa, kwa utaratibu upi, na kwa nini mabega na si dirisha.

Kwa hiyo wanaokupongeza kwamba "umetoka" wamekosea, na wewe unayedhani kwamba chuo ni darasa lako lililopandishwa cheo umekosea pia. Hizi ni kazi mbili. Wapo walimu hodari wa watoto ambao waliteseka chuoni na kuwatesa wanachuo wao, kwa sababu kila mwanachuo alipokosea walichotamani ni kumnyang'anya mtoto na kufanya wenyewe. Nitakueleza mkasa wangu, ingawa haunipi sifa.

Siku yangu ya kwanza kama mkufunzi nilisimama mbele ya wanachuo 40 nikiwa na vibao vya nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, na sindano zake butu. Kila herufi hutungwa ndani ya nafasi ya nukta 6 zenye namba, safu mbili za nukta tatu tatu. Mimi naandika nukta nundu kama wengine wanavyosuka ukili, mikono inakwenda huku mdomo unazungumza mengine. Anayeandika kwa kibao huanzia kulia kwenda kushoto, akitoboa karatasi kwa nyuma, ili nukta zitokeze upande wa pili. Halafu karatasi hugeuzwa na kusomwa kushoto kwenda kulia. Maana yake ni kwamba kila herufi huandikwa kinyume cha inavyosomwa. Wanachuo walichanganyikiwa vibaya, wakaniuliza mbona nukta ya kwanza iko hapa wakati kitabu kinasema iko kule, nami, baada ya miaka 9 ya kazi hiyo, nikawaambia, "Andikeni tu, mikono itazoea." Kimya kikatanda. Kisha mwanachuo mmoja asiyeona, aliyekaa nyuma, akaomba ruhusa. Akawaambia wenzake wasifikirie kushoto na kulia, wafikirie upande ambao mkono unaanzia: nukta ya kwanza, ya pili na ya tatu ndizo zinazokutana na mkono mwanzo, iwe unaandika au unasoma. Ilimchukua muda mfupi kuliko nilioutumia mimi kuandika sentensi hii. Darasa lote likaelewa, na mimi nikaelewa kitu ambacho mikono yangu ilikuwa inakifanya bila kuniarifu.

Nimeusimulia mkasa huo kwa sababu unajibu pia hofu yako ya pili. Unaogopa kuwa mtu anayezungumzia uziwi akiwa amempa kiziwi mgongo. Hofu hiyo ina historia ndefu katika fani yetu, na ni vizuri uijue kabla hujaingia. Mwaka 1880 wataalamu wa elimu ya viziwi walikutana Milan. Walikuwa wajumbe 164, na kiziwi kati yao alikuwa mmoja tu. Wakapiga kura kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na lugha ya alama itolewe madarasani. Kura hiyo ilienea. Walimu viziwi wakapoteza kazi, na vizazi vya watoto vikafungiwa mikono kwa jina la elimu. Ni mwaka 2010, kongamano la aina ileile lilipokutana Vancouver, ndipo maazimio hayo yalipokataliwa rasmi. Hesabu mwenyewe: miaka 130. Na watu wale hawakuwa wakatili. Wengi wao walikuwa wasomi waliowapenda watoto na kuwatumikia maisha yao yote. Walikosa tu kumuuliza aliyehusika.

Nukta nundu nazo zina kisa kinachofanana na hicho. Louis Braille alikuwa kijana asiyeona, mwanafunzi na baadaye mwalimu katika taasisi ya vijana wasioona ya Paris, na mfumo wake wa nukta 6 ulichapishwa mwaka 1829. Waliokuwa wakiona walipendelea herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi, kwa sababu zilisomeka vizuri machoni mwao. Machoni mwao! Vidole vya watoto vilikuwa vinasema jambo jingine kila siku, lakini taasisi iliupokea mfumo huo rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya Braille kufariki.

Kwa hiyo usijitegemee wewe mwenyewe, yaani moyo wako mwema, kuwa ndio kinga. Waliokaa Milan nao walikuwa na mioyo. Kinga ni mpangilio wa kazi: nani amekaa ukumbini, nani analipwa kufundisha, nani anasoma rasimu yako kabla haijachapishwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 24 kuajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama au nukta nundu, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Utakapoingia katika idara hiyo, tazama ni wangapi. Ikiwa hayupo hata mmoja, basi jambo la kwanza la kupigania, hata kabla ya ofisi yenye feni, ni fungu la kuwalipa watu wenye ulemavu na wazazi waje kufundisha vipindi vizima. Nasema vipindi vizima kwa makusudi, maana kuna desturi ya kumwalika mtu mara moja kwa muhula aje "atoe ushuhuda", ashangiliwe, apewe maji ya chupa na kurudishwa nyumbani, na mwanachuo akabaki akidhani kwamba ujuzi uko kwa mhadhiri na huzuni iko kwa mgeni.

Sasa utafiti, ambako nadhani unasukumwa vibaya.

Hojaji za mitazamo si dhambi. Zinasaidia pale ambapo hakuna anayejua walimu wanawaza nini, na kwa mtu anayejifunza takwimu ni njia inayotembeleka. Lakini tangu Azimio la Salamanca la mwaka 1994, ambalo wawakilishi wa serikali 92 walikubaliana kuelekea elimu jumuishi, hojaji za namna hiyo zimejazwa katika nchi nyingi kiasi kwamba matokeo mengi unaweza kuyabashiri ukiwa umelala: walimu wengi wanaikubali elimu jumuishi kwa ujumla wake, wanaiogopa wakifikiria madarasa yao wenyewe, na wanaomba mafunzo zaidi. Walimu 400 wakikujibu kwamba wanaomba mafunzo zaidi, utakuwa umerudi palepale ulipo leo, ukiwa umechoka zaidi: ni mafunzo gani?

Aliyekuambia kwamba watoto 9 si utafiti amesahau kwamba fani hii ina mbinu yake ya siku nyingi kwa ajili ya hali kama yako, yaani utafiti wa mhusika mmoja mmoja. Watoto wenye hali inayofanana ni wachache, na hata hao wachache hutofautiana, hivyo badala ya kulinganisha kundi na kundi, mtafiti humlinganisha mtoto na yeye mwenyewe. Kwanza unahesabu tabia inayohusika siku kadhaa bila kubadili chochote, mpaka uone mwenendo umetulia. Halafu unaingiza msaada, unaendelea kuhesabu kwa namna ileile, na mtu wa pili anahesabu kwa upande wake bila kuchungulia karatasi yako, ili ijulikane kwamba unaona kilichopo na si unachokitamani. Mwaka 2005 kundi la watafiti waliochapisha katika jarida la Exceptional Children walipendekeza kipimo: mbinu ihesabiwe kuwa imethibitishwa ikiwa imeonyeshwa na tafiti zisizopungua 5 za aina hii, zilizofanywa na watafiti tofauti wasiopungua 3 katika maeneo tofauti, na kwa jumla ya wahusika wasiopungua 20. Soma hapo vizuri. Wahusika 20 kwa tafiti zote kwa pamoja. Watoto wako watatu au wanne ni tofali halali ndani ya ukuta huo, na msimamizi wako anaweza kulithibitisha hilo maktabani kwake mwenyewe.

Kuna tahadhari moja ambayo lazima uizingatie, kwa sababu wahakiki watakuuliza na, muhimu zaidi, dhamiri itakuuliza. Katika baadhi ya mipango ya utafiti wa aina hii, msaada huondolewa kwa muda ili ionekane kama tabia itarudi. Kwa mtoto anayejigonga kichwa, hilo halifanyiki. Humwondolei kadi ya kengele ili upate mchoro mzuri. Tumia mpango wa kuanza kwa zamu: watoto watatu wanahesabiwa pamoja, msaada unaanza kwa wa kwanza, baada ya muda kwa wa pili, kisha kwa wa tatu, na ikiwa tabia ya kila mmoja inabadilika pale tu zamu yake inapofika, hapo una ushahidi bila kumrudisha mtu yeyote kwenye maumivu. Hata zamu zenyewe usizirefushe kwa anayejiumiza. Huyo aanze wa kwanza.

Na ridhaa usiichukulie kuwa karatasi ya kutiwa saini. Mzazi ambaye mtoto wake yuko mikononi mwako hawezi kukuambia hapana kwa urahisi, hata ukimsihi awe huru. Mtu mwingine, asiye wewe wala mwalimu mkuu, ndiye awaendee wazazi, na waambiwe wazi kwamba anayekataa mtoto wake hapungukiwi kitu. Mtoto asiyezungumza naye ana namna ya kukataa. Mabega ulikwisha kuyasoma.

Lakini ningekushauri uende mbele hatua moja zaidi, maana umeitwa kufundisha walimu. Swali la watoto pekee litakufanya mtafiti mzuri wa tabia. Swali linalokufaa wewe ni la mwalimu mpya. Mtu wa miaka 22, ambaye hajawahi kukaa na mtoto asiyezungumza, anajifunzaje kuona mabega? Mwoneshe video, mpe maelezo, msimamie anapojaribu, mrudie baada ya mwezi. Ni kipi kati ya hivyo kilichomfanya aone? Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa mafunzo ya walimu, walianza kulionyesha jambo hili tangu miaka ya 1980: kwamba nadharia, mfano na zoezi la ukumbini, hata vikifanywa vizuri, mara chache hufika mpaka darasani bila mtu wa kumfuata mwalimu na kumsaidia akiwa mbele ya wanafunzi wake mwenyewe. Kwa upande wa elimu maalumu, pengo hilo ni pana kuliko katika somo jingine lolote nililowahi kukagua, kwa sababu mwanachuo anayefanya mafunzo kwa vitendo mara nyingi hutembelewa mara mbili au tatu, hutazamwa andalio la somo lake kuliko anavyotazamwa anamtazama nani, akapewa alama, mkaguzi akapanda gari.

Hapo ndipo niweke neno juu ya hesabu ambayo bila shaka umekwisha kuisikia, au utaisikia idara itakapokushawishi: darasani unawafikia watoto 9, chuoni utawafikia wanachuo 40 kila mwaka, na kila mmoja wao atawafikia watoto wake, kwa hiyo unazidisha. Hesabu hiyo ni kweli, ila inazidisha chochote kilichopo. Yule aliyekuwa akitazama ubao naye alizidisha.

Kuhusu mwelekeo wa kitaaluma, utaulizwa kama unajihusisha na elimu maalumu au elimu jumuishi, na utaona wenzako wakigombana juu ya maneno hayo kwa ukali usiolingana na ukubwa wa idara. Ugomvi wenyewe si mpya. Tangu mwaka 1968 Lloyd Dunn, aliyekuwa ndani kabisa ya fani hii nchini Marekani, aliuliza hadharani kama madarasa mengi ya pekee kwa watoto wenye ulemavu mdogo wa akili yalikuwa na sababu ya kuwapo. Usikubali kuchaguliwa upande mapema. Jifunze eneo moja kwa kina, lako likiwa mawasiliano na tabia za watoto wasiozungumza, lakini omba, tena omba kwa maandishi, upangiwe ile kozi ya utangulizi ambayo wanachuo wote wa ualimu huisoma, wa hisabati na wa jiografia pia. Wahadhiri wengi huikimbia kwa sababu ina watu wengi na kazi nyingi za kusahihisha. Mwalimu wa hisabati atakayempokea mtoto wako atakapohamia darasa la kawaida amekaa mle, safu ya nyuma, na hiyo ni nafasi pekee ya kukutana naye.

Maisha yenyewe ya chuo nisikufiche. Makala moja inaweza kukuchukua mwaka kuandika na mwaka mwingine kusubiri wahakiki, na utakutana na majarida yanayokuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja ukilipa. Hayo yaepuke kabisa. Vikao ni vingi. Uzamivu huchukua miaka 3 au 4 kwa anayesoma muda wote, na zaidi kwa anayefundisha huku akisoma, na kuna mwaka wa katikati ambao kila mtu hutaka kuacha. Takwimu zinafundishika; ulijifunza kusoma mtoto asiyesema neno, utajifunza kusoma jedwali.

Kabla ya kutia saini, zungumza na idara juu ya mambo machache, na uyapate kwenye barua, si kwenye korido. Uwe na siku moja kila juma ya kuwa darasani na watoto, ikihesabiwa ndani ya mzigo wako wa kazi. Usimamizi wa mafunzo kwa vitendo nao uhesabiwe saa kwa saa kama mihadhara inavyohesabiwa, la sivyo utaufanya usiku na wanachuo wako watatembelewa mara mbili. Upate msimamizi wa pili anayeijua mbinu niliyoieleza, hata kama yuko chuo kingine. Kwa mwajiri wako wa sasa omba ruhusa ya masomo badala ya kujiuzulu, ikiwa taratibu zinaruhusu. Idara ikikataa yote, umepata jibu lako bila mimi. Ikikubali mawili, mimi ningeenda.

Limebaki la mama wa mtoto. Alichokisema ni kweli ikiwa utaondoka na ujuzi wote kichwani, kama walivyoondoka walimu waliotangulia wakaacha faili lenye neno "bila sababu". Una wiki 4. Chukua daftari jipya, anza na mtoto wa kengele, na uandike kurasa mbili ambazo mwalimu asiyekujua anaweza kuzisoma Jumapili usiku na kumpokea mtoto huyo Jumatatu asubuhi. Usiandike "huwa na wasiwasi". Andika mabega, dakika, kadi inashikwa mkono upi, anatoka kwa mlango gani, na nini hufanyika siku kengele inapolia mapema. Ukimaliza, mpe mwanachuo mmoja wa mafunzo kwa vitendo, umwambie afanye kama ilivyoandikwa, nawe ukae nyuma ya darasa mikono ikiwa mapajani. Hutasogea isipokuwa mtoto yuko hatarini. Atakosea, na utaona ni sentensi ipi iliyompoteza. Iandike upya jioni hiyo, naye ajaribu tena kesho.

Fanya hivyo kwa majuma mawili, na ujitazame. Ikiwa kukaa kule nyuma kunakuwa mateso matupu, na unachokitamani kila dakika ni kuinuka umchukue mtoto mkono, basi baki na watoto wako, wala usimwombe mtu radhi kwa hilo, dada yako akiwemo. Ikiwa utajikuta unarudi nyumbani ukiwaza juu ya ile sentensi, na kwa nini mwanachuo alitazama uso wa mtoto wakati ulimwandikia mabega, basi andika barua ya kukubali, na hilo swali la uso na mabega uliweke kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako la utafiti. Daftari mkabidhi mama yule nakala moja, na nyingine mwalimu atakayekurithi.